Zamu ya Hamsini na Tisa

Mlango wa mchora namba haukuwa na rangi. Mtaani kwao Ujiji jirani wa kulia alikuwa na mlango wa bluu, wa kushoto wa kijani, na nyumba ya mbele ilikuwa na mlango mweupe wenye maua mekundu, maua aliyoyachora yeye mwenyewe, bure, asubuhi moja alipokuwa na furaha zake. Wa kwake ulikuwa mbao tupu. Mvua na jua vilikuwa vimeufanya wa kijivu, na ukiusukuma unaondoka na vumbi kiganjani.

"Fundi," watu walimwambia, "umepaka boti zote za Bangwe. Mlango wako unamsubiri nani?"

"Bado," alijibu. Neno hilo tu. Halafu akaanza habari nyingine.

Nilimfahamu miaka saba, na katika hiyo miaka sita nilidhani ni uvivu.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui. Sikuuliza na yeye hakusema. Ninachoweza kueleza ni kile nilichokiona nikiwa nyuma ya sufuria, maana mimi nauza uji wenye hiliki pale mwaloni Bangwe, boti zinapopandia mchangani. Nakaa Gungu, na kila asubuhi naingia na ndoo yangu, vikombe vyangu na ndoto zangu. Ndoto yangu kubwa ni kujenga mgahawa wa matofali wenye kioo kirefu ukutani, mteja anywe uji huku akijiona anavyonenepa. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Hesabu nilipata alama ambayo mama amenikataza kuitaja mbele ya wageni.

Kazi ya mchora namba ilikuwa na majira yake. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina maana, dagaa hawakusanyiki. Basi siku za mbalamwezi boti hupumzika. Huvutwa mchangani, huzibwa nyufa, hupakwa rangi upya, na namba ya usajili inayotoka ofisini huandikwa ubavuni ili ionekane kutoka mbali. Hapo ndipo alipokuwa akija, kisanduku chake cha rangi mkono wa kushoto, kigoda mkono wa kulia, kofia imekaa nyuma kabisa ya kichwa kana kwamba iko njiani kuanguka.

Alisalimia kwa Kiha, ingawa yeye ni Mswahili wa Ujiji. "Mwakeye," anasema, na mimi naitikia, kisha nasema shikamoo yangu, kisha naye anaitika marahaba. Salamu mbili kila siku. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mkewe alikuwa Muha wa Mwandiga, na alikuwa hamwekei chakula mezani mpaka asalimiwe kwa lugha ya kwao. "Mazoea," akasema, akachovya kidole kwenye uji kupima joto.

Uji wake alikunywa na chumvi. Wateja wangu walikuwa wanageuza uso.

"Fundi, sukari ipo, tena bure."

"Sukari inanisahaulisha nilipofika," alisema. Sikuelewa amefika wapi.

Hakuwahi kupanda boti hata moja. Mtu ambaye mkono wake uko kwenye kila boti iliyotoka Bangwe alikuwa anaogopa maji kama paka. Akiitwa kuandika boti ambayo mkia wake bado uko majini, alisimama mbali na kuamuru ivutwe. Ikivutwa, alisema bado. Wavuvi wakasukuma tena huku wakitukana kwa adabu, mpaka mchanga wa chini uwe mkavu. Ndipo anaweka kigoda. "Mimi nafahamiana na mbavu zake," alisema. "Safari zake ni zenu."

Namba zake zilikuwa nzuri, jamani. Nne ilikaa kama mtu aliyekunja mguu barazani. Saba ilikuwa na kilemba. Nane aliichora kwa mkupuo mmoja bila kunyanyua brashi, na muda wote huo alikuwa hapumui, na sisi tuliokuwa karibu tulijikuta hatupumui vilevile, mpaka duara la pili lifunge, ndipo pwani nzima inashusha pumzi.

Lakini kabla ya rangi alikuwa na kawaida yake. Alichukua mkaa, akaandika ile namba kwenye mbao ya boti, na kuanza kuigawanya. Mwenyewe aliita kuifungua. Kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba, anashuka chini kwa mkaa kama vile tulivyofundishwa darasani, baki huku, shusha tarakimu huku, mpaka ajue namba hiyo imejengwa na nini. Ndipo anapaka rangi juu ya hesabu yote. Boti nyingi zinazoelea Bangwe zina hesabu chini ya rangi, na wenyewe hawana habari.

Akimaliza alimwambia mwenye boti alichokiona. Boti moja ilipewa elfu mbili mia tano na ishirini. Alifurahi siku nzima. "Hii inagawanyika kwa moja mpaka kumi, yote, haibakishi. Hii ni sufuria ya harusi, hakuna anayeondoka na njaa!" Nyingine ilipewa elfu mbili mia moja themanini na nne, akaniita niache uji nije nione. "Kumi na mbili, mara kumi na tatu, mara kumi na nne. Wameshikana mikono, watatu, wanapita barabarani." Nikatazama. Niliona mkaa. Lakini alivyosema nikawaona wale watatu kweli, wa katikati mrefu kidogo.

Nilimpenda kwa hilo. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa na fimbo. Huyu alikuwa na habari za watu.

Kuna nahodha mmoja pale, mfupi, mwenye mdomo usiojua likizo. Boti yake ilipewa elfu tatu na moja. Mchora namba aligawanya ubavu mzima wa kulia, akahamia wa kushoto, mwisho akaweka mkaa chini akasema, "Hii haifunguki. Haigawanyiki kwa yeyote ila moja na yenyewe." Shuleni tuliziita namba tasa. Yeye aliziita zilizofunga mlango, na alizitaja kwa heshima, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mgonjwa.

Wavuvi sita wa nahodha walisikia. Wakanong'onezana, wakakunja mikono. Boti isiyogawanyika, wakasema, na dagaa wake hawatagawanyika, kila siku mgao utakuwa ngumi. Wakagoma. Nahodha akapanda mpaka ofisini kuomba abadilishiwe namba. Wakamwambia namba si shati. Akarudi amevimba.

"Fundi, umeniharibia nyumba! Nani alikutuma ufungue?"

Mchora namba alijisikia vibaya sana. Alishindwa kunywa uji wake. Mwisho akawaita wale sita, akaandika kwa mkaa: elfu tatu na moja, gawanya kwa sita. "Kila mmoja anapata mia tano," akasema. "Sawasawa, hakuna aliyepunjwa. Halafu inabaki moja. Hiyo moja ni ya nani?"

Wakatazamana.

"Ni ya boti," akasema.

Walirudi kazini siku hiyohiyo, na tangu hapo kila wakishusha dagaa huweka ndoo moja pembeni, ya boti, kwa ajili ya misumari na lami ya kuzibia. Mitumbwi mingine ikaiga. Lakini nahodha hakusamehe ile wiki ya mgomo. "Siku nikikupata, Fundi," alikuwa akimwambia, "nitakupata hasa." Na yeye mchora namba, kuanzia siku hiyo, hakufungua namba ya mtu bila kutangulia kusema, "Hii ni hesabu, si ramli."

Sasa nifike kwenye namba yake mwenyewe.

Ndani ya kifuniko cha kisanduku chake aliandika namba moja kwa rangi nyeupe, ndogo, safi: 30,031. Elfu thelathini na thelathini na moja. Alipenda kuitamka. Akikutana na mgeni alifungua kifuniko kama watu wengine wanavyotoa picha ya mtoto.

Alinieleza asili yake akitumia vikombe vyangu. Akapanga sita. "Chukua zile sita za mwanzo zilizofunga mlango," akasema. "Mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Zidisha zote pamoja. Unapata elfu thelathini na thelathini. Huyo ni mkarimu, kila mmoja wa hawa sita anaingia kwake bila baki. Sasa mwongeze moja tu." Akagonga kikombe cha mwisho. "Mbili akija, anabakiwa na moja mkononi. Tatu akija, anabakiwa na moja. Mpaka kumi na tatu. Wote sita wako nje, kila mmoja kashika moja yake. Ukuta mmoja, mwanangu, nyumba mbili! Huku sherehe, huku kimya."

"Na namba nyingine zaidi ya hizo sita?"

Akatabasamu. "Hapo umeuliza. Ukifanya hivi na mbili peke yake, ukaongeza moja, unapata tatu: imefunga. Mbili na tatu, unapata saba: imefunga. Ukiongeza tano, thelathini na moja. Ukiongeza saba, mia mbili kumi na moja. Ukiongeza kumi na moja, elfu mbili mia tatu na kumi na moja. Zote zimefunga, nimezijaribu. Kwa nini hii ya sita ifunguke? Lakini tunaijaribu. Kumi na saba haikuifungua. Kumi na tisa haikuifungua. Tumefika hamsini na tatu."

Alisema tumefika. Nililisikia hilo neno, likapita.

Wazee wa mwaloni walinimalizia habari. Mkewe alikuwa anauza mawese, na mchana wa siku za mbalamwezi alimletea chakula pwani. Alikuwa na kichwa kikali cha kugawanya kuliko mumewe. Wakishakula, walichukua mkaa, wakakaa ubavuni mwa boti iliyokuwa inasubiri rangi, wakajaribu ile namba. Kila mbalamwezi namba moja. Mwezi huu kumi na saba, mwezi ujao kumi na tisa, unaofuata ishirini na tatu. Zote wangeweza kuzimaliza adhuhuri moja. Wavuvi waliwaambia hivyo.

"Haraka ya kwenda wapi?" mkewe alijibu.

Walipofika hamsini na tatu akaugua, na mbalamwezi iliyofuata haikumkuta. Mimi nilikuwa bado sijaanza kuuza uji pale.

Ndiyo maana pwani nzima iliiheshimu ile namba. Watu walimtania kuhusu mlango, kofia, woga wa maji, chumvi. Namba waliiacha. Nahodha peke yake alikuwa akisema, "Ipo siku itafunguka hiyo," na mchora namba alikuwa anajibu, "Fungua wewe." Kisha wote wawili wanacheka, lakini mchora namba anafunga kifuniko.

Kosa nililifanya mimi. Siku moja wateja walikuwa wachache, nikachukua simu, nikafungua kikokotoo, nikasema ngoja nimsaidie Fundi, nimhakikishie. Nikaanza alipoishia. Baada ya hamsini na tatu inafuata hamsini na tisa. Nikabonyeza.

Mia tano na tisa. Hakuna nukta, hakuna mkia.

Nikabonyeza tena. Mia tano na tisa. Nikaizidisha kurudi nyuma: elfu thelathini na thelathini na moja. Nikaifunika simu kwa mfuniko wa sufuria, sijui kwa nini, kama vile ingepiga kelele. Na yeye alikuwa pale, hatua kumi kutoka kwangu, ameinamia boti, kofia nyuma, anaimba puani.

Namba moja tu mbele. Walisimama mlangoni kabisa, mkono mmoja tu ulibaki kusukuma.

Sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia kesho, na kesho yake ikawa ndiyo siku aliyokuja kuandika upya boti ya nahodha. Aliandika tatu, sifuri, sifuri, na ile moja akaiweka mbali, mbali sana na wenzake, kama mtoto aliyeachwa nyuma sokoni. Alirudi nyuma akatazama kazi yake, akakunja macho, akasogea, akakunja tena. Nikaona ndani ya jicho lake wingu jeupe. Nikamtazama nahodha, nikangoja mdomo ule.

"Iko sawa, Fundi," nahodha akasema. "Nzuri sana." Hakuongeza utani wowote. Ndipo nikajua hali ni mbaya.

Miezi miwili baadaye aliacha kuja. Mtoto wa jicho, walisema, macho yote mawili. Boti sasa zinabandikwa namba za plastiki zilizokatwa kwa mashine mjini, nne zote zinafanana, saba hazina kilemba. Nikawaza, macho yameondoka, kazi imeondoka, mke aliondoka zamani. Amebakiwa na namba iliyofunga mlango. Mimi ni nani niende kuitoboa? Nikanyamaza, na nikawa napika uji nikiwa na hamsini na tisa kifuani kama jiwe la moto.

Kisha nahodha akatokea mwaloni asubuhi moja anacheza peke yake.

"Nimempata! Nimempata mzee!"

Binti yake yuko sekondari. Nahodha alimwambia habari za namba ya Fundi kwa kujisifu tu, binti akakaa na daftari, na kabla ugali haujaiva akaja na jibu. "Hamsini na tisa! Naenda Ujiji leo leo. Nitasimama kwenye ule mlango wake wa kijivu nipige kelele mtaa mzima usikie!"

Nikaweka upawa chini. "Nahodha, usiende."

"Aa, wewe! Aliniharibia wiki nzima. Nimengoja miaka."

"Najua inafunguka. Nimejua zamani. Niache niende mimi kwanza."

Akanitazama. "Umejua, ukakaa nayo?"

"Yeye haoni tena, nahodha. Hiyo ndiyo aliyobaki nayo."

Akavuta mchanga kwa dole gumba la mguu. Yule si mtu mbaya. Ni mdomo tu. "Mpaka Ijumaa," akasema. "Baada ya swala naenda. Na uji wa wiki hii silipi."

Nikapanda bodaboda mpaka Ujiji. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na nilipofika mbele ya mlango yote yalikuwa yamemwagika barabarani. Nikagonga.

"Pita, mwenye hiliki," sauti ikasema ndani. "Nakusikia harufu."

Alikuwa amekaa ukumbini kwenye kigoda chake kilekile, redio mapajani imezimwa. Amekonda. Nikatoa salamu zote mbili. Nikampa uji niliobeba kwenye chupa, wa chumvi. Akauliza habari za pwani, boti ya nani imepasuka, dagaa wanapatikana, nimefikia wapi na matofali ya mgahawa. Nikajibu. Nikajibu na yale ambayo hakuuliza. Nikaeleza bei ya ulezi, nikaeleza paka wa mwaloni amezaa.

"Mwanangu," akanikatiza, "unazunguka. Umekuja na kitu, kiweke chini."

"Fundi. Ile ya hamsini na tisa. Uliwahi kuijaribu?"

Akaiweka redio sakafuni. Nilisikia jirani anatwanga kisamvu, pum, pum, muda mrefu.

"Kugawanya najua," akasema. "Watu wanadhani nilichoka, au nilisahau. Tulikuwa tunapokezana, mimi na yeye. Yeye alianza kumi na saba, mimi kumi na tisa. Yeye ishirini na tatu, mimi ishirini na tisa. Hamsini na tatu niliifanya mimi." Akapangusa mdomo. "Hamsini na tisa ilikuwa zamu yake. Sasa mtu anachukuaje zamu ya mwenzake?"

Nikammiminia uji mwingine.

"Tena tulikuwa tumewekeana dau. Nikiifungua mimi, yeye aache kunitilia pilipili kwenye samaki wangu wa migebuka. Akiifungua yeye, mlango ule unapakwa rangi anayoitaka yeye."

"Rangi gani?"

"Ya mawese," akasema, kwa sauti ya mtu anayeripoti wizi. "Mlango wa rangi ya mawese! Nikamwambia, mke wangu, watu watapiga hodi na chupa mkononi wakidhani tunauza mafuta. Akasema wapige. Tukabishana mwaka mzima."

"Si ungeupaka tu, Fundi? Baada ya yeye kuondoka."

"Hakuwa ameshinda." Akaniinulia uso wenye yale mawingu mawili. "Angesema nimemhurumia. Hakupenda kuhurumiwa kwenye hesabu."

Nikainamisha kichwa. Machozi yalikuwa yamenifika puani.

"Wewe umeijaribu," akasema. Hakuuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali, nikasahau kwamba haoni. Lakini ule ukimya alikuwa ameshausikia.

"Usiniambie ilivyokuwa. Mkaa uko jikoni. Nenda ukaifanye pale mlangoni, kwenye mbao, uisome kwa sauti. Polepole. Kila tarakimu."

Nikachukua mkaa. Nikasimama mbele ya mlango wa kijivu, mimi mwenye alama isiyotajwa mbele ya wageni. Nikaandika elfu thelathini na thelathini na moja. Nikaandika hamsini na tisa pembeni yake.

"Mia tatu, gawanya kwa hamsini na tisa," nikasema. "Inaingia mara tano. Mia mbili tisini na tano. Baki tano."

"Shusha."

"Nashusha tatu. Inakuwa hamsini na tatu."

Nyuma yangu nikasikia kigoda kikilia. Alikuwa amesimama.

"Hamsini na tatu," akasema. "Ndipo tulipokuwa. Endelea."

"Hamsini na tisa haiingii kwenye hamsini na tatu. Naweka sifuri. Nashusha moja. Inakuwa mia tano thelathini na moja."

Midomo yake ilikuwa inahesabu. Alikuwa ameshanitangulia, nilimwona, alikuwa ameshafika na ananingoja.

"Inaingia mara tisa," nikasema. "Mara tisa ni mia tano thelathini na moja. Baki..."

"Sema."

"Baki hakuna, Fundi."

Akaja akipapasa ukuta mpaka mlangoni. Akaweka kiganja juu ya hesabu, taratibu, kama anavyogusa ubavu wa boti kujua kama umekauka. Niliogopa. Nikasema haraka haraka, "Samahani, Fundi, sikutaka kuiharibu, nilikuwa nataka tu..."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Cheko la chini kabisa, lisilotoka vizuri, lililokaa muda mrefu bila kutumika.

"Kanishinda," akasema. "Huyu mwanamke! Kanishinda kwa namba moja tu!"

"Lakini nimeifanya mimi..."

"Wewe umemshikia mkaa." Akajifuta macho kwa mkono ule wenye masizi, akajichora uso mzima. "Zamu ilikuwa yake. Nenda dukani. Njano kopo kubwa, nyekundu kopo dogo. Na pitia kwa mtu yeyote uazime chupa ya mawese, unishikie hapo juani unieleze tunakaribia au hatukaribii."

Ilituchukua siku tatu. Kuchanganya peke yake kulikula siku nzima, kwa sababu kila nikisema imefika alikuwa ananiambia niitikise chupa nitazame tena, mkewe hangekubali rangi ya chungwa ikijifanya mawese. Nilitaka kufuta mkaa kwanza, akakataa. Rangi ilipita juu yake. Alipaka sehemu ya chini kwa kugusa, brashi mkono wa kulia na vidole vya kushoto vikitangulia, mimi nikapaka juu. Katikati ya kazi akaniuliza, "Hiyo mia tano na tisa, nayo imefunga au inafunguka?" Nikasema sijui. "Vizuri," akasema, kwa sauti ya mtu mwenye jibu tayari. "Usitazame kwenye simu. Njoo mbalamwezi ijayo. Saba ni yako, kumi na moja yangu."

Ijumaa baada ya swala tulikuwa ndani, mlango umerudishwa, rangi inamalizia kukauka. Nikasikia viatu, nikavijua. Alikuwa amekuja amejipanga: kanzu safi, koo limesafishwa, na nyuma yake watoto wa mtaa aliowakusanya wawe mashahidi. Nikatazama kwenye upenyo. Nahodha alikuwa amesimama mbele ya mlango mdomo wazi, na hamsini na tisa yake yote imemtoka kichwani.

Akageuza shingo kutazama kama amekosea nyumba. Akatazama tena. Kisha akagonga ukutani, kwa adabu.

"Hodi hapa! Jamani, mafuta mnapima kwa lita au nilete chupa?"

Mchora namba akajipiga mapajani kwa mikono yote miwili. Akacheka mpaka kofia ikaanguka kweli, kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomfahamu, na hakuiokota. Akaugeukia mlango, upande wa ndani ambao ulikuwa bado wa kijivu, akainua kidole kama mtu aliyekuwa akingoja shahidi wake kwa muda mrefu.

"Nilikwambia!" akauambia. "Nilikwambia mimi, wataleta chupa!"